Dodoso la ubora wa maisha kwa walioumia uti wa mgongo: alama ikishuka, tuamini nini?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, niko Pemba. Tuko wahoji watatu na tunawafuatilia majumbani watu 22 waliopooza baada ya kuumia uti wa mgongo. Wengine walianguka mikarafuuni na minazini, wengine walipata ajali za bodaboda. Kila miezi mitatu tunawauliza dodoso la ubora wa maisha la Shirika la Afya Duniani, lile fupi la maswali 26 liitwalo WHOQOL-BREF. Kijana mmoja ziara ya kwanza alipata 56 kwenye eneo la afya ya mwili. Ziara ya pili kidonda chake cha makalioni kimeshapona, mama yake anasema analala vizuri, lakini alama imeshuka hadi 44. Wenzangu wanasema dodoso halifai, tutafute jengine. Je, madodoso haya yanaaminika kwa wagonjwa wa aina hii? Na sisi wenye watu wachache tutajuaje?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kulihukumu dodoso, toeni karatasi zote mbili za kijana huyo muangalie swali la 3 na la 4. La 3 linauliza maumivu yanamzuia kwa kiasi gani kufanya anayotakiwa kufanya. La 4 linauliza anahitaji matibabu kiasi gani ili siku yake iende. Haya mawili, pamoja na la 26 linalohusu huzuni, wasiwasi na kukata tamaa, yameulizwa kinyume na mengine: jibu kubwa ndiyo hali mbaya. Kwa hiyo hugeuzwa kabla ya kujumlisha, kwa kutoa jibu (namba ya 1 hadi 5) kwenye 6. Aliyejibu 2 anaandikiwa 4, aliyejibu 5 anaandikiwa 1.

Sasa tazama hesabu. Tuseme ziara ya pili, kidonda kimeshafunga, kijana kajibu 2 kwenye maumivu na 2 kwenye matibabu. Yakigeuzwa yanakuwa 4 na 4, jumla 8. Aliyejaza akisahau kugeuza, yanabaki 2 na 2, jumla 4. Zimepotea alama nne. Eneo la afya ya mwili lina maswali saba: la 3, 4, 10, 15, 16, 17 na 18. Jumla ya 23 ukiisoma kwenye jedwali la dodoso, linalogeuza jumla kuwa alama ya 0 hadi 100, inakupa 56, na jumla ya 19 inakupa 44. Ni pengo lilelile mlilolipata. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linamwadhibu anayepata nafuu: maumivu yakipungua, alama nayo inashuka. Siwezi kusema ndilo lililotokea kwenu, lakini kwa wahoji watatu wanaojumlisha kila mmoja kwa mkono wake, hili ndilo la kwanza kulitafuta.

La pili ni jedwali lenyewe. Jedwali hilo hukadiria alama hadi namba nzima katika hatua ya kati, ile ya 4 hadi 20, kisha ndipo hupeleka kwenye 0 hadi 100. Matokeo yake, jumla ya 22 na ya 23 zote ni 56, na jumla ya 19 na ya 20 zote ni 44. Maana yake kijana anaweza kuwa ameshuka kutoka 22 hadi 20 tu, yaani maswali mawili yamepungua daraja moja moja, na jedwali likaonesha kuporomoka kwa alama 12. Tumieni hesabu ya moja kwa moja: jumla toa 7, gawanya kwa 28, zidisha kwa 100. Kwa 22 utapata 53.6, kwa 20 utapata 46.4. Pengo limekuwa 7, si 12. Na siku zote andikeni jumla ghafi pembeni mwa karatasi, kwa sababu ukishabaki na 56 peke yake huwezi tena kujua imetoka wapi.

La tatu: hata kama kila kitu kilihesabiwa sawasawa, mabadiliko ya mtu mmoja lazima yalizidi kosa la kipimo ndipo tuyaite mabadiliko. Tuseme mchepuko sanifu wa kundi lenu, yaani jinsi alama za watu zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni 15, na uthabiti wa dodoso likirudiwa ni 0.80, kiwango ambacho wengi wanakiita kizuri. Toa 0.80 kwenye 1, inabaki 0.20. Kipeuo chake cha pili ni 0.447; zidisha kwa 15 unapata 6.7. Hilo ndilo kosa la kipimo kwa ziara moja. Lakini ziara ni mbili na kila moja ina kosa lake, kwa hiyo zidisha 6.7 kwa 1.41, kisha kwa 1.96 ili uwe na uhakika wa asilimia 95. Unapata 18.6. Chini ya alama 19, kwa mtu mmoja, huwezi kutofautisha nafuu au kuzorota na mtikisiko wa kawaida wa majibu. Hata uthabiti ukipanda hadi 0.90, mpaka unakuwa 13, na alama 12 za kijana wenu bado zimo ndani yake.

Ukiukagua ugeuzaji, ukahesabu upya, na bado kuna mshuko mkubwa, basi soma jibu kwa jibu. Likishuka la 16 la usingizi wakati mama anasema analala vizuri, muulize kijana mwenyewe. Anayegeuzwa kila baada ya saa mbili usiku kucha ili asipate kidonda anaweza kuonekana amelala na asiwe amepumzika. Yakishuka la 15, 17 na 18 (kwenda huku na huku, shughuli za kila siku, uwezo wa kufanya kazi), huenda hakuna kosa lolote. Ziara ya kwanza alikuwa bado anajipima kwa matumaini kwamba mwezi ujao atasimama. Miezi mitatu nyumbani imemuonesha kizingiti cha mlango, choo cha nje na mchanga wa njia. Mwili ni uleule, kipimo cha ndani ndicho kilichohama. Wataalamu wa fani hii wamelijadili jambo hili kwa kirefu tangu miaka ya 1990, na huenda pande zote mbili: wengine baada ya mwaka hupanda sana bila ulemavu kubadilika hata kidogo. Na endapo anasema ana maumivu mapya, au hisia na nguvu zilizokuwepo zinapotea, hilo si la dodoso tena. Anatakiwa aonwe na daktari haraka.

Kuaminika kwa nini, na kwa nani

Wenzako wanauliza kama dodoso linaaminika, kana kwamba kuaminika kumechapwa kwenye karatasi pamoja na maswali. Hakumo humo. Kumo kwenye karatasi, anayeuliza, anayeulizwa, mahali na wakati, vyote kwa pamoja. Dodoso lililokuwa thabiti mahali pengine linaweza kuyumba Micheweni, na lililo thabiti kwa wenye kisukari linaweza kuyumba kwa waliopooza.

Tena kuna mambo mawili yanayochanganywa. Mzani wa karafuu unaopunja kilo moja kila mara ni thabiti, unatoa jibu lilelile kila ukipima, lakini si sahihi. Uthabiti ni kurudia jibu pale ambapo hali haijabadilika. Uhalali ni kupima kile hasa ulichokusudia. Bila uthabiti huna uhalali, lakini uthabiti peke yake haukutoshi. Swali lako ni la uthabiti, ila kwa waliopooza uhalali hauko mbali, na ndiyo maana sikushauri uliache dodoso hili haraka.

Angalia mbadala. SF-36, dodoso la maswali 36 ambalo tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999, lina maswali kumi ya uwezo wa mwili. Humo mtu anaulizwa kupanda ngazi, kuinama na kupiga magoti, kutembea masafa marefu. Aliyepooza miguu anajibu "nazuiwa sana" mfululizo, na baadhi wanakasirika, kwa haki yao. Alama inagonga sakafu: sifuri leo, sifuri kesho kutwa. Huwezi kuona akizorota kwa sababu hakuna chini ya sifuri, na huwezi kuona akipata nafuu ya kweli, kwa mfano kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu haikuulizwa. Kuna waliolibadilisha ili liulize "kwenda" mahali pa "kutembea". Ni hatua nzuri, lakini alama zake huwezi tena kuzilinganisha na za SF-36 ya kawaida. EQ-5D, dodoso jengine fupi lenye maeneo matano, lina shida ya namna hiyohiyo kwenye swali lake la kwanza, la kutembea. Na kwetu huku linazuka tatizo la ziada: ukimuuliza mtu wa kiti cha magurudumu kama ana shida ya kutembea, mmoja atafikiria miguu, mwengine atafikiria kwenda kuwatembelea jamaa Wete, na atakwambia anatembea sana. Wote wawili wamejibu ukweli.

Dodoso lenu fupi, WHOQOL-BREF, linakwepa mengi ya hayo. Haliulizi miguu. Swali la 15 linauliza mtu anaweza vipi kwenda huku na huku, na la 17 linauliza ameridhika kiasi gani na uwezo wake wa kufanya shughuli za kila siku. Eneo la mazingira lina maswali manane, na humo mna fedha, nyumba, usafiri, huduma za afya na burudani, mambo ambayo kwa mtu wa kiti cha magurudumu anayengojea gari ya shamba yana uzito kuliko nguvu ya paja. Limejaribiwa kwa watu walioumia uti wa mgongo, kwa mfano Taiwan mwaka 2004. Wataiwani wenyewe waliongeza maswali mawili ya kwao wakafikia 28, kwa hiyo mlango wa kuongeza la kienyeji upo, mradi ufuate utaratibu wa Shirika la Afya Duniani na usiguse yale 26.

Yanayoliyumbisha huku kwetu

Hapa ndipo ningetaka mkae zaidi, kwa sababu uthabiti hupotea zaidi katika kuuliza kuliko katika hesabu.

Swali la 1 linamtaka mtu aseme ubora wa maisha yake ukoje. Kwetu hilo linafanana na kusalimiwa hali, na jibu la hali linajulikana: alhamdulillahi. Mhoji mmoja akisikia alhamdulillahi anaweka 4, mwengine 5, wa tatu anamtazama mgonjwa usoni anaweka 3. Hapo hamjampima mgonjwa, mmepimana nyinyi. Shukrani ni haki ya mtu na haifai kuibishia. Ipokeeni, kisha rudisheni kadi ya majibu: "Tunamshukuru Mungu kwa yote. Sasa katika hizi tano, kwa wiki mbili zilizopita, ni ipi iliyo karibu na wewe?" Mwanzoni kabisa mwambieni kwamba kusema jambo halimridhishi si kulalamikia kadari wala si kumkosea anayemuuguza. Maneno hayo yaandikwe, na wahoji wote watatu wayasome vilevile.

Msichague jibu kwa niaba yake, hata akisimulia kwa robo saa. Kadi iwe na maneno makubwa matano na mistari inayopanda urefu, kwa sababu wapo wasiosoma. Kwa aliyepooza mikono pia, usimpe kalamu wala usimtake aoneshe kwa kidole. Msomee kwa namba, akutajie namba. Na wote wasomewe, hata wanaoweza kujaza wenyewe, kwa sababu anayejaza peke yake hukiri mengi zaidi ya anayeulizwa ana kwa ana, na mkichanganya njia hizo mbili tofauti ya njia itaonekana kama tofauti ya maisha.

Swali la 4 linahitaji maelezo ya kudumu. Je, mpira wa mkojo ni matibabu? Anayejitia mpira kila baada ya saa nne hadi sita ana haki ya kusema anahitaji matibabu sana. Mwenzake mwenye mpira wa kukaa anaona matibabu ni sindano na vidonge tu, anajibu "hata kidogo". Na mtu yuleyule anaweza kufikiri hivi leo na vile baada ya wiki mbili. Swali lenyewe msilibadilishe. Andikeni sentensi moja ya ufafanuzi (kwa mfano, kwamba matibabu ni pamoja na dawa, mpira, kusafisha kidonda na mazoezi), muisome kwa kila mtu, kila ziara, na muitaje kwenye ripoti.

Faragha ni ngumu zaidi. Nyumba ina watu, jirani kapita, mama yuko pembeni ameshika maji. Mgonjwa anayemtegemea mama kwa kila kitu hatasema mbele yake kwamba hajaridhika na msaada anaoupata. Muombeni anayeuguza akae barazani, karibu kiasi cha kuitwa. Asimjibie. Watu wa karibu hukubaliana vizuri na mgonjwa juu ya mambo yanayoonekana kwa macho, kama uwezo wa kula au kuvaa, lakini mambo ya moyoni aghalabu huyaona mabaya kuliko mgonjwa mwenyewe anavyoyaona. Jibu la mama na jibu la mtoto visiingie kwenye safu moja. Wanawake waulizwe na mwanamke. Na kama inawezekana, anayemtibu asiwe ndiye anayemhoji, maana ni vigumu kumwambia mtu uso kwa uso kwamba huduma yake haijakusaidia. Mko watatu, badilishaneni wagonjwa.

Kisha wakati. Dodoso linauliza wiki mbili zilizopita. Ziara ikiangukia wiki ya pili ya Ramadhani, saa za usingizi zimegeuka, maji ya mchana yamekatika, ratiba ya mpira imehama, na mkojo mchafu unaotokana na kunywa maji kidogo unaleta homa na misuli kukakamaa zaidi. Ikiangukia baada ya Sikukuu, nyumba imejaa wageni na uso umekunjuka. Masika yakipiga, mwenye kiti cha magurudumu hatoki kabisa kwenye njia ya udongo. Msimu wa karafuu nyumba nzima imehamia mashambani, na mgonjwa anabaki na bibi. Haya yote ni mabadiliko ya kweli ya maisha, si makosa. Lakini mkilinganisha alama ya Shaabani na ya Shawwal bila kuandika hivyo, mtadhani mazoezi yenu ndiyo yaliyofanya kazi au yaliyoshindwa. Saa nayo ina neno: maumivu na kukakamaa kwa misuli kwa wengi hutofautiana kati ya asubuhi na jioni, basi kila mtu awe na saa yake ileile.

Namna ya kupima uthabiti kwa watu 22

Anzeni na watu watano au sita, kabla ya namba yoyote. Baada ya kila swali muulizeni mtu: umelielewa vipi, ulikuwa unafikiria nini ulipochagua hilo? Andikeni maneno yake kama alivyoyasema. Kazi hii ya siku chache huonesha maswali yanayovuja kuliko hesabu yoyote, na haihitaji kompyuta.

Kisha rudieni dodoso kwa wote baada ya siku 7 hadi 14. Chini ya wiki mtu hukumbuka alichojibu. Zaidi ya wiki mbili hali yenyewe huanza kubadilika. Mhoji yuleyule, mahali palepale, saa ileile, bila karatasi ya kwanza mkononi. Mwisho wa mahojiano ya pili ongezeni swali moja: tangu tulipozungumza, hali yako imekuwa bora, ileile, au mbaya zaidi? Aliyesema imebadilika, au aliyepata homa, kidonda kipya, kubadilishiwa mpira au msiba, asiingie kwenye hesabu ya uthabiti. Mkimuingiza, mtalilaumu dodoso kwa kuona kilichokuwepo.

Kipimo cha kutumia ni kile kifupishwacho ICC, namba inayoonesha alama za mtu yuleyule za mara mbili zinakubaliana kiasi gani. Kwenye programu ya takwimu chagueni aina ya njia mbili (two-way), inayodai makubaliano kamili (absolute agreement), kwa pimo moja (single measurement). Nasisitiza makubaliano kamili kwa sababu watu wengi hutumia uwiano wa kawaida wa Pearson, na huo haujali kama kila mtu amepanda alama kumi mara ya pili. Mradi wamepanda pamoja, utakwambia 0.95. Chini ya 0.50 ni dhaifu, 0.50 hadi 0.75 wastani, 0.75 hadi 0.90 nzuri, juu ya hapo bora. Lakini kwa uamuzi juu ya mtu mmoja wengi hutaka 0.90 na zaidi.

Na hapa uchache wenu unauma. Mkipata 0.80 kwa watu 22, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 0.58 na 0.91. Kwa watu 50 ungekuwa kati ya 0.67 na 0.88. Ndiyo maana 50 inachukuliwa kuwa kima cha chini kinachofaa. Unganeni na wenzenu wa Unguja wanaofuatilia wagonjwa wa namna hii, kwa kadi moja na maneno yaleyale ya utangulizi, na ombeni kibali cha maadili ya utafiti mapema ikiwa mnakusudia kuchapisha. Mkishindwa kufika 50, toeni namba mliyonayo pamoja na mipaka yake, msiitoe peke yake.

Kwa kundi, hata hivyo, habari ni nzuri. Ule mpaka wa alama 18.6 kwa mtu mmoja ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 22 unakuwa karibu 4. Dodoso lisiloweza kukwambia kitu cha uhakika juu ya kijana mmoja linaweza kukwambia kwamba wastani wa watu wenu 22 umepanda kweli kwa alama tano.

Mtaulizwa pia alfa ya Cronbach, inayoonesha kama maswali ya eneo moja yanavutana pamoja. Kima cha kawaida ni 0.70. Msishtuke eneo la mahusiano likitoka chini ya hapo. Lina maswali matatu tu, na alfa hupanda kwa wingi wa maswali. Maswali yakihusiana kwa 0.30 kwa wastani, matatu yanatoa 0.56 na manane yanatoa 0.77, ingawa ubora wa maswali ni uleule. Na alfa nzuri haisemi lolote juu ya kurudia baada ya wiki mbili. Ni jambo jengine kabisa.

Katika eneo hilo la mahusiano limo swali la 21, la maisha ya ndoa kitandani. Wengi hulikwepa, na si kwa bahati mbaya: wanaolikwepa mara nyingi ndio wenye shida. Likiondoka, eneo linabaki na maswali mawili, na kwa uhusiano uleule wa 0.30 alfa inaanguka hadi 0.46. Msilifute kwa aibu yenu wenyewe. Liulizwe kwa sauti ileile ya maswali mengine, faraghani, na mhoji wa jinsia moja naye, kwa kumwambia kwamba anaweza kuliacha. Asiye na mwenza asijaziwe 1. Andikeni kwamba halikujibiwa, na sababu yake.

Mkipita pia kila mwezi, kati ya ziara za miezi mitatu, mnaweza kuongeza kitu chepesi. Seti ya kimataifa ya takwimu za msingi za ubora wa maisha kwa walioumia uti wa mgongo, ya mwaka 2012, ina maswali matatu tu ya 0 hadi 10: kuridhika na maisha kwa ujumla, na afya ya mwili, na afya ya akili. Toleo la baadaye liliongeza la maisha ya kijamii. Linauliza wiki nne zilizopita, kwa hiyo msilirudie kila baada ya wiki mbili mkitarajia habari mpya. Haliwezi kuziba nafasi ya maswali 26, lakini halichoshi, na mtu mwenye kidonda hawezi kukaa kwa mahojiano marefu bila kugeuzwa.

Pembeni mwa dodoso lolote wekeni karatasi moja ya hali halisi: kidonda kipo au hakipo na ukubwa wake, homa ya mkojo mwezi huu, maumivu kwa 0 hadi 10, kukakamaa kwa misuli, haja kubwa kumtoka bila kujua, kiti cha magurudumu kizima au kibovu, mara ngapi ametoka nje ya nyumba wiki hii. Alama ikicheza, mtakuwa na pa kutazama.

Jibu la 4 au 5 kwenye swali la 26, au 1 kwenye la 6 linalouliza kama maisha yana maana, lisisubiri kujumlishwa. Mhoji amuulize siku hiyohiyo kama amefikiria kujidhuru, na muwe mmeshakubaliana kabla ya kutoka kituoni atapelekwa kwa nani na kwa usafiri gani.

Kwenye ripoti, maeneo manne ya dodoso (afya ya mwili, nafsi, mahusiano na mazingira) yaandikwe mbalimbali. Msiyajumlishe kuwa alama moja, dodoso halikujengwa hivyo. Onesheni nani alimhoji nani, ni wangapi hawakujibu swali la 21, tarehe kwa kalenda zote mbili, na kosa la kipimo kwa kila eneo mlilolihesabu wenyewe kutoka kwa watu wenu, si lililonakiliwa kutoka kwa wagonjwa wa nchi nyengine.